Soa Amekaa Mahali Pako

Mama yangu,

Leo nina wivu, na sina wa kumwambia ila wewe uliyenitia wivu wenyewe. Nakuandikia kwa Kiswahili cha chuo cha Kurani, kile alichotufundisha bibi, kwa sababu kule ghalani bandarini, ulikokuwa ukishona magunia, hakuna anayekisoma. Wao wana Kimalagasi chenu cha kazini. Hiki ni chetu, mimi na wewe.

Unajua nilichelewa. Meli ya kutoka Nosy Be ilifika Mahajanga ukiwa umeshazikwa. Nyumbani Tsaramandroso nilikuta washonaji wenzako wa magunia wamejaa mpaka uani, Wangazija, Wamakua, hata wale wawili wa nyanda za juu, wanakula sinia moja kama ulivyowazoesha. Kila mmoja akanikaribisha. Mimi, mwanao wa pekee, nakaribishwa kwetu kama mgeni! Na aliyenionyesha sukari inakaa wapi jikoni kwako alikuwa Soa, yule Mmakua wa Tanambao. Kila akikutaja anasema Mama. Nilitamani kumzaba kofi.

Sijasahau ulivyonipeleka Nosy Be kwa mama mdogo nikiwa mtoto, nichume maua ya langilangi, mikono yangu inukie, isikatwe na uzi wa katani. Ulidhani unanipendelea. Basi miaka yote hiyo mimi nikanukia, na Soa akakaa ubavuni mwako. Yeye ndiye uliyemfundisha kushona pembe ya gunia. Yeye ndiye aliyekuwa nawe siku mlipoweka sindano chini kwa sababu mnyapara aliwalipa Wamakua pungufu, ukasema kila anayeshika sindano ni wa kwetu. Habari hiyo mimi niliisikia sokoni kwa watu baki, nikajifanya naijua.

Matanga yalipoisha nikaenda bandarini kuona ulipokuwa ukikaa. Nilikuwa na haja yangu pia, niliyokuficha: mume wangu ameniacha, na kwenye maua hawanichukui tena. Nikamkuta Soa amekalia kisanduku chako, shazia yako mkononi, sindano ileile nene uliyoifunga kitambaa chekundu. Nikaona giza. Nikamwambia mbele ya wote aondoke, hapo ni pa mama yangu, asirithi kwa mtu ambaye hakumzaa.

Akainuka. Hakunijibu ubaya. Alipangusa kisanduku kwa pindo la nguo yake, akanipa shazia, akasema, "Tulikuwa tunakungoja wewe."

Mama, kwa nini hukuniambia? Kumbe ndiyo sheria mliyojiwekea: mwenzenu akiugua, akizaa, akifa, mahali pake hapaachwi wazi, maana mnyapara akiona nafasi tu anamwita mwingine kutoka langoni. Wakoloni wameondoka, bendera imebadilika, yeye ni yuleyule. Walikuwa wanapokezana kunishikia mahali pako, kila mmoja anashona magunia yake na yako. Siku ile ilikuwa zamu ya Soa. Nami kwa makelele yangu nimemfungulia mnyapara nafasi aliyokuwa akiitafuta! Alishageuka, anamwashiria mwanamke mmoja langoni aingie.

Nikakaa. Hata sijui nilikaaje. Gunia nililishika kichwa chini. Wanawake wakaanza kuimba kwa nguvu ili mnyapara asitazame mikono yangu, na Soa akapiga magoti nyuma yangu akaniongoza vidole. Nikajichoma, nikavuta uzi kwa hasira. Akaninong'oneza, "Taratibu. Gunia halikimbii."

Maneno yako! Yale uliyokuwa ukiniambia ukinisuka: taratibu, nywele hazikimbii. Nilidhani ni ya kwangu peke yangu. Kumbe ulimpa na yeye. Nililia palepale, na wote wakadhani ni uchungu wa kufiwa. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichonitoa machozi ni wivu.

Sasa nashona. Magunia yangu bado yanapinda pembeni, Soa ananifumulia na kunirudishia bila neno, jambo linalonikera zaidi kuliko kama angenisema. Yule mwanamke wa langoni tumemwita mkekani, anakula nasi, na akipata kazi ataipata bila kumtoa mwenzake. Ningependa ungemwona.

Soa ana mimba, atajifungua mvua zikianza. Nakuahidi, Mama, mahali pake hapatakuwa wazi hata asubuhi moja. Nitakaa mimi. Nitashona yangu na yake mpaka arudi na mtoto mgongoni, hata vidole vitoke damu, na mnyapara atachoka kutazama.

Lakini usidhani nimepoa. Hapa kazini wanakuita Mama yetu, nami naitikia, maana wamekuwa wema kwangu na sitaki ugomvi. Barua hii nimeianza ninavyotaka mimi, na ndivyo ninavyoimaliza.

Lala pema, Mama yangu.