Gobore la marehemu baba

Bungu, Jumanne.

Yaani mimi, niliyekaa Dar miaka kumi na makondakta wakaniamkia, leo nimetetemeka kama bibi harusi.

Tulikuwa tunabomoa dari ya chumba cha marehemu baba. Likadondoka gobore, limeviringishwa mkekani. Mzee alilitumia kufukuzia nguruwe kwenye mpunga, kibali hakuwahi kuwa nacho. Nikaliokota, nikapiga saluti, nikacheka.

Mke wangu hakucheka. "Baba Zuhura, Kibiti hii walikouawa watu kwa risasi, bunduki ni kitu cha kuchekea?"

Nikampigia mwenyekiti wa kijiji. Akasema, "Liache hapohapo, usithubutu kupanda nalo bodaboda. Kesho asubuhi nakuja na polisi, utalisalimisha kwa maandishi. Ukisema kweli, huna neno."

Nikapumua. Nikamtambia mke wangu kwamba kesho nitapigwa picha kama mheshimiwa.

Kisha nikatazama vidole vyangu. Vina mafuta. Baba tumemzika mwaka wa tisa huu, na mafuta yale bado mabichi, yananukia.

Funguo za chumba kile ziko mbili. Moja ninayo mimi, nyingine anayo mdogo wangu Shabani. Nikampigia huko Kiongoroni anakovua. Nilipotaja gobore akauliza, "Kaka, umeshamwambia nani?" Nikamjibu. Akakata simu, na mpaka sasa haipatikani.

Kesho wataniuliza nani mwingine huingia mle. Shabani nimemlea mimi, nimembeba mgongoni.

Nitamtaja. Ee Mola, iwe alikuwa akiwinda nguruwe tu.