Kazi ya Siku Tatu

Jumatatu, 1 Septemba

Kikao cha kupanga tena. Vikaratasi vya njano ukutani, vingine vya sprinti iliyopita, vingine vya ile iliyoitangulia. Sprinti ndiyo hizi wiki mbili mbili tunazoahidi kazi. Tunaahidi kumi na mbili, tunatoa tano. Ofisi yetu hapa Tarime mjini ina watu wanne na uongo wa watu arobaini.

Leo kazi kubwa ni moja. Ushirika wa wafugaji unataka mfumo wetu wa chanjo za ng'ombe ufanye kazi hata pasipo mtandao. Bosi, Mzee Mwita, kakishika kikaratasi, kasema, "Siku tatu." Halafu kazunguka meza kwa umri, kama kawaida yake. Akinyi anayechora kurasa: tatu. Mimi: tatu. Masanja ndiye atakayeifanya, na ndiye mdogo kuliko wote, kwa hiyo anaulizwa wa mwisho. Kameza mate. Tatu.

Nilijua ni zaidi ya wiki. Nilijua! Ila Mzee Mwita na baba yangu ni rika moja, walitahiriwa msimu mmoja. Kwetu Wakurya huyo ni baba. Namwamkia shikamoo tata, na binti hampingi baba yake mbele za watu. Ningebisha, habari ingefika nyumbani Gorong'a kabla yangu.

Jumatano, 3 Septemba

Kila asubuhi tunasimama duara, kila mtu aseme amefikia wapi. Masanja: "Naendelea vizuri." Macho mekundu kama kala pilipili. Haendelei vizuri hata kidogo. Simu mbili zikimwandika ng'ombe mmoja pasipo mtandao, zikija kukutana hazijui ipi imesema kweli. Hilo peke yake ni siku nne.

Mimi nami nikasema naendelea vizuri. Sote tunaendelea vizuri. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 5 Septemba

Mbalibali, kijijini. Bosi kaona siku tatu zimepita, basi kazi imekwisha. Kanituma nimpelekee afisa mifugo programu ikiwa nusu. Mama wa watu kachanja asubuhi nzima juani, vumbi mpaka kwenye kope, kila ng'ombe anamwandika kwenye simu. Tulipofika penye mtandao, nusu ya orodha haipo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema tu, "Mwanangu, mimi nilikuwa na daftari. Daftari halijawahi kunimezea ng'ombe." Kisha karudi zizini kuanza upya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 12 Septemba

Watu wa ushirika wamekuja kuona kazi. Hamna kitu, ile nusu imebidi itupwe, kazi ianze upya. Wamekunywa soda zao wakaondoka na nyuso ndefu.

Bosi kamgeukia Masanja mbele yetu. Eti watu wa machimboni ndivyo walivyo, wanangoja bahati badala ya kufanya kazi. Masanja alitoka Geita na kaka yake kuja kuchimba dhahabu Kerende. Shimo likamfukia kaka, yeye akalikimbia, akasomea kompyuta kwa kujinyima. Leo anaambiwa hivyo. Na sprinti ijayo ikiisha bila kazi hii, atafute kwingine. Kwingine wapi? Hana shamba huku, hana ndugu. Ni shimoni tu.

Akinyi kaangalia simu yake. Mimi nimeangalia meza. Nakichukia kinywa changu.

Jumapili, 14 Septemba

Gorong'a, kwa wazazi. Baada ya kanisa nimepukuchua mahindi na mama. Wazo likanijia hapo hapo, punje mkononi. Kinachotuua ni yule anayesema kwanza. Basi asiwepo wa kwanza! Kila mtu ashike punje kwenye ngumi, moja kwa kila siku ya kazi, tufungue ngumi kwa pamoja. Bosi akisema tatu, hakuna aliyemsikia kabla.

Nimempigia Masanja. Kacheka, mara ya kwanza tangu lini sijui. "Dada Bhoke, hapo umeniokoa." Nikajiona nina akili kweli kweli. Mama kauliza nachekelea nini.

Jumatatu, 15 Septemba

Niandike haraka kabla sijabadilisha maneno.

Bosi kakubali tuipime upya kazi ile ile. Kacheka, mchezo wa watoto, haya leteni. Nimegawa mahindi. Mimi tisa, mfukoni mwa sweta. Tumehesabu mikono ikiwa chini ya meza. Tukiwa bado tunahesabu, bosi akasema taratibu, wala hakuwa na ubaya, "Bhoke, jana jioni nimeongea na baba yako. Kaniambia nikulee kama wangu."

Basi. Hayo tu. Mkono ulikuwa bado mfukoni, vidole vikaachia sita.

Tukafungua. Masanja tisa. Akinyi nane, hata Akinyi! Bosi tatu. Mimi tatu.

Bosi kacheka mpaka kakohoa. "Hata mwenye mchezo wake anasema tatu!" Kachukua kalamu, kaandika tatu kwenye kikaratasi, kakibandika. Akinyi kasonya. Masanja hakuniangalia usoni. Alikiangalia kiganja changu, muda mrefu.

Mimi ni mwoga. Hakuna jina lingine.

Ijumaa, 26 Septemba

Masanja kaondolewa. Kazi hii hata hakupata nafasi ya kuishika vizuri. Maana katikati bosi alimbandikia nyingine tatu, si hii ni ya siku tatu tu?

Kakunja waya wa chaji, kaipangusa meza kwa mkono wa shati. Kamuaga kila mtu. Kwangu: "Baki salama, dada." Bila kejeli. Nilitakiwa niseme mbele ya bosi kwamba nilikuwa na tisa. Sentensi moja! Nikabaki nimesimama kama gogo.

Hajafika hata barabarani, bosi kawapigia ushirika. Kawaambia aliyekuwa anachelewesha ametolewa. Wamefurahi, wametuongezea wiki mbili.

Wiki mbili. Zile zile ambazo Masanja hakupewa. Na kazi nimepewa mimi.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimefungua mafaili yake. Safi, kila kitu mahali pake. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kaandika maelezo kwa mtu yeyote atakayefuata: "Kazi hii ni siku tisa. Atakayeipokea aombe tisa." Tarehe ni ya Jumatatu ile ya mahindi, asubuhi, kabla hatujaingia kikaoni.

Kwa hiyo alijua. Alikuja na ngumi yake akijua anaweza kushindwa, na bado akaweka tisa.

Nimempigia mara nne. Hapatikani. Akinyi anasema mtu kamwona Kerende, kavaa mabuti. Kaniambia hivyo akinipa mgongo. Hanisemeshi tena ila kwa kazi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imekamilika leo. Afisa mifugo wa Mbalibali kapiga simu, ng'ombe wote wamo, hajapotea hata mmoja. Kaniombea baraka.

Bosi kanisimamisha, kanipigia makofi. "Binti yangu huyu." Nikasema asante, tata. Hakuna aliyeuliza ni siku ngapi. Nimezihesabu mwenyewe kwenye kalenda, nikiacha Jumamosi na Jumapili. Tisa.

Maelezo ya Masanja sijayafuta. Chini yake nimeongeza: "Kweli, ni tisa. Nilijua tangu mwanzo. Bhoke." Yeyote atakayefungua faili ataona, hata bosi.

Nimerudi mapema, nimefua. Mfukoni mwa sweta zilikuwemo punje sita.