Daktari wa Handsworth na Sanduku la Dawa Zilizoisha Muda

Mzee wangu Shem wa gazetini, nakusihi usinicheke kabla hujamaliza kusoma. Mimi naishi Handsworth, kazi yangu ni kutunza wazee, nawaogesha, nawalisha, nawakumbusha vidonge vyao, lakini kule nyumbani Bomet mama mkwe alishatangaza kwamba mke wa mwanawe ni daktari Uingereza na mimi sikumkatalia, nikaona ni sifa tu, haimuumizi mtu, basi kila nikienda hupeleka dawa, hapa kanisani kila aliyebakisha vidonge ananiletea, vya presha, vya sukari, na dawa za kikohozi za watoto, sasa sanduku limejaa na nasafiri Ijumaa, jana dada yangu Rita kazisoma tarehe akapiga kelele, "Wee Angeline, nusu ya hizi ziliisha muda mwaka juzi!", mume wangu Xavier anasema nizimwage chooni yaishe, na leo mama mkwe kapiga simu kwamba jirani yake ameacha kwenda kliniki ya presha kwa sababu daktari anakuja. Mzee, nifanyeje nisiaibike?

Angeline

Daktari Angeline,

Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo tuko wawili tusio na shahada. Nimecheka, sikufichi. Halafu nikafika kwa yule jirani, kicheko kikanikauka.

Najua kurudi nyumbani mikono mitupu ni kazi. Lakini mama, dawa aliandikiwa mtu mwingine, mwenye figo zake na kilo zake! Hata ambayo tarehe yake haijafika si yako kugawa kama peremende.

Anza na simu. Leo, si kesho. Usizunguke na habari za mvua. Sema: "Mama, mimi si daktari, natunza wazee. Dawa siji nazo. Mwambie jirani arudi kliniki kesho asubuhi." Atanuna. Mwache anune.

Xavier mwambie choo kina kazi yake, na samaki wa mtoni hawana presha. Kwenye pipa la taka pia hapana. Vidonge viache kwenye pakiti zake, dawa za maji zikae peke yake, majina ya wenyewe yafute kwa kalamu nzito, kisha beba vyote hadi famasi ya karibu uwaombe waviharibu. Ni bure. Kama kuna sindano, usichanganye. Uliza kwanza zinapelekwa wapi.

Mimi za marehemu mke wangu nilizificha kabatini miaka mitatu, kana kwamba angerudi kuzimeza. Binti wa famasi, Iqra, aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mzigo umenitoka.

Na wenzako wa kanisani wapeleke za kwao wenyewe, miguu wanayo.

Aibu yako itaisha kwa wiki moja. Presha ya yule jirani haisubiri Ijumaa. Weka gazeti chini, piga simu.

Mzee Shem