Nilimwambia Bi Fatu Asubiri, na Hakuna Aliyekuwa Anakuja

Mpendwa Bibi Hosiana, shikamoo. Naomba msaada wako maana wiki nzima chakula hakipiti na hapa Korogwe sina wa kumwambia. Mimi ndiye niliyekitengenezea kikundi cha wafugaji wa Misima programu ya kumwita bwana mifugo kwa simu, mtu anajaza fomu, ombi linakwenda kwenye kompyuta za kukodi huko mbali, wenyewe tunaita wingu, halafu kipande cha programu nilichoandika kinaamka, kinasoma ombi, kinampelekea Dennis ambaye ndiye bwana mifugo wa kikundi, kinamjibu mfugaji, kinalala tena mpaka mwingine aite, na Bibi, watu walikuwa wananisifu. Sasa wanaoitumia wengi ni watu wazima, na mimi nimelelewa kwamba mkubwa haambiwi amekosea, basi nikaandika kwamba likitokea kosa lolote, liwe la fomu au la mtandao, jibu liwe lile lile, "Shikamoo. Ombi lako limepokelewa, tafadhali subiri," na kosa lenyewe sikuliweka popote, nililimeza. Jumatatu iliyopita ng'ombe wa Bi Fatu akashindwa kuzaa, Bi Fatu akajaza fomu akaacha nafasi ya kitongoji wazi kwa kuwa Misima nzima inamjua, programu ikakwama hapo hapo, ikamwambia asubiri, naye akasubiri. Jirani yake Mzee Iddy anayejua kuvuta ndama kwa mkono alikuja akamwambia tuanze, Bi Fatu akakataa, akasema bwana mifugo yuko njiani, simu imenijibu vizuri kwa adabu. Ng'ombe akafa na ndama tumboni. Sasa mwenyekiti Muhsin anasema Dennis alipata ujumbe akapuuza, Dennis anaapa hakuona kitu, Jumamosi kuna kikao cha kumfukuza, na mimi nimesharekebisha kimya kimya, nimefanya kitongoji cha Bi Fatu kijijaze chenyewe, je, Bibi, nikinyamaza si yatapita? Naomba jina langu usilitoe gazetini.

Msichana wa kompyuta, Korogwe

*

Marahaba. Jina lako hukuliandika, sasa nisitoe nini?

Mimi niliishia darasa la nne, nikalea watoto saba na hakuna aliyenidanganya mara mbili. Hayo mawingu yako ilibidi nimpigie mjukuu wangu Joyceline, naye anafanya kazi hizo hizo. Alieleza mpaka nikamwambia basi, kumbe ni mtoto anayetumwa! Unamtuma kwa jirani kuomba jembe, anakwenda, anarudi na jibu, analala. Sasa akikuta mlango umefungwa, akarudi akakuambia "wanaleta", huyo ndiye mwenye adabu? Kwangu angelijua jua siku hiyo.

Umeniudhi, mwanangu. Unasingizia malezi! Nani alikulea umdanganye mkubwa kwa kumwamkia kwanza? Kwetu milimani mtu akibisha hodi anajibiwa. Mwenyewe hayupo, anaambiwa hayupo. Amepotea nyumba, anaelekezwa. Humo ndani kuna msiba, anaambiwa leo hatuwezi. Sijaona aliyenuna. Anayenuna ni yule uliyemkaribisha akakaa kwenye kiti mpaka jua likazama, kumbe nyumba haina mtu. Na Joyceline anasema hata mashine zenu zina majibu yake mbalimbali, kila moja na namba yake: hili la heri, hili la aliyekosea kuomba, hili la sisi wenyewe kuharibikiwa. Uliyakuta yapo. Ukayatupa yote ukabaki na lile tamu.

Pole nakupa, kwa sababu naona moyo unakusuta, na moyo unaosuta bado mzima. Lakini pole kubwa ni ya Fatu. Ungemwandikia "mama, hujajaza kitongoji", angejaza. Ungemwandikia "tumeshindwa, tafuta mtu wa karibu", Iddy alikuwa pale pale mlangoni na mikono yake. Kukosea kila mtu anakosea. Ng'ombe yule ameuawa na "subiri" yako.

Halafu unaniambia umerekebisha. Umerekebisha nini? Umemjazia fomu Fatu, ambaye hana ng'ombe tena! Kesho atakosea Mwinjuma, kesho kutwa Maryamu, nao watasubiri kwa adabu.

Sasa nisikilize. Leo hii, kabla hujala, fomu yenye pengo irudishwe kwa mwenyewe na pengo lionyeshwe. Kazi ikishindikana, mfugaji aambiwe imeshindikana na apewe namba ya Dennis apige mwenyewe. Kila kosa liandikwe mahali ambapo wewe na Dennis mnaliona, hakuna kumeza. Na mtu asiambiwe limepokelewa kabla Dennis hajalipokea. Shikamoo iache, sikukatazi, ila ifuatwe na ukweli.

Ijumaa panda gari uende Misima. Usipige simu, simu yako imeshasema ya kutosha. Anza kwa Fatu, kaa chini, sema "ni mimi", na akikutukana usijitetee. Ukitoka hapo nenda kwa Dennis. Jumamosi simama kabla Muhsin hajafungua kikao, maana kijana wa watu anaachishwa kazi kwa ujumbe ambao haukumfikia, na anayejua hivyo duniani ni wewe peke yako. Na mimi sasa, na gazeti linasomwa mpaka Misima.

Hilo jina ulilonificha mimi, kampe Fatu.