Fundi Wangu Yuko Njiani

2 Julai

Mjukuu wangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, magoti tu yanalalamika kama wapangaji. Nimekupigia simu, akapokea yule mwanamke wa kusema hupatikani. Basi nakuandikia, karatasi haina kiburi.

Yale mabomba ya kulowesha paa moto ukija, uliyoleta, bado yamelala barazani, kuku anataga pembeni yake. Nyasi za mlimani zimekauka, na jana tuliona moshi ng'ambo ya msitu. Kelele, jirani yangu, yake amefungiwa na mkwewe. Wakifungua koki ya tangi, maji yanaruka juu ya paa, yanateremka ukutani, nyumba nzima inalowa kama mtu aliyetoka kuoga. Mkwewe anasema na mimi atanifungia, chai tu inamtosha. Nimjibu nini? Wewe unalowesha mapaa ya wakubwa mjini, bibi yako anatazama paa la Kelele! Mganga hajigangi, sawa. Na bibi yake je?

Bibi yako anayekupenda

9 Julai

Bibi, shikamoo,

Pole na magoti. Mimi mzima, kazi tu imenikaba.

Huyo mkwe wa Kelele asipande, Bibi! Nitaonekanaje, fundi mzima, bibi yangu afungiwe na mtu wa mabomba ya chooni? Atakosea pembe, upande wa mlimani ubaki mkavu. Na moto haungoji ufike na ndimi zake. Upepo unatanguliza cheche, zinatua kwenye majani makavu ya mfereji wa paa, basi. Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi nifunge kwa mkono wangu. Nisubiri.

Mjukuu wako

4 Agosti

Mjukuu wangu,

Salamu. Mimi mzima. Jumamosi ilikuja, wewe hukuja. Nilipika, nikala peke yangu, na sahani yako nikaiosha safi.

Mkwe wa Kelele alirudi na ngazi begani. Nikamfukuza: "Fundi wangu yuko njiani." Kelele akadakia juu ya ukuta, "Anakuja kwa kutambaa?" Nilichomjibu hakiandikiki.

Majani ya mfereji nimeyatoa mwenyewe kwa ufagio, nimesimama juu ya meza. Umri huu! Yaliyo upande wa nyuma sikuyafikia. Nyumba hii babu yako aliijenga tofali kwa tofali, na wewe ulizaliwa chumba cha uani. Sikuombi zawadi, nakuomba siku moja. Upepo umegeuka, unavuma kuja kwetu.

Bibi yako

11 Agosti

Bibi, shikamoo,

Nisamehe. Bosi amenipanga zamu kwenye nyumba ya mteja, moto uko karibu nayo, lazima mtu akae na pampu. Wenyewe wamesafiri. Nikitoka hapa nakuja moja kwa moja, hata kuoga sitaoga. Ukiona moshi umekaribia, ondoka. Ila mkwe wa Kelele asiguse kitu, nakuomba.

Mjukuu wako

2 Septemba

Mjukuu,

Mimi mzima. Wewe mzima, nimesikia, na ile nyumba isiyo na watu nayo nzima. Hongera.

Barua yako imenikuta kwa Kelele. Kwangu mleta barua hakuona mlango wa kugonga.

Cheche zilitua kwenye mfereji wa nyuma, kama ulivyosema. Kazi unaijua, sikunyimi sifa. Kelele alifungua koki yake, akaja kunivuta mkono huku namtukana, tukaondoka na gari la mkwewe. Tuliporudi, paa lake lilikuwa linadondoka maji. Kwangu zilisimama kuta, na kuta hazilaliwi. Paa la Kelele, upande wa mlimani haukubaki mkavu. Yule wa mabomba ya chooni hakukosea pembe.

Mabomba yako yameyeyuka kama mshumaa. Vile vichwa vya shaba vya kurushia maji nimeviokota kwenye majivu, nikavisugua. Nimempa mkwe wa Kelele, amevifunga juu ya chumba ninacholala sasa. Vinarusha vizuri. Chai hakutaka.

Kelele hajanicheka hata mara moja. Afadhali angenicheka.

Nasikia unataka kuja Jumamosi. Ukija, njoo mikono mitupu kama mgeni, ubishe hodi kwa Kelele. Ngazi usilete. Fundi wangu alishafika.

Bibi