Boti Inayobembea Taratibu

Jumatatu, 1 Juni 2026

Sura ya uthabiti wa vyombo vya majini nimeimaliza. Miaka hamsini na mbili, mwalimu wa fizikia niliyeondolewa kazini na mdomo wangu, na sasa ndiyo kwanza najifunza kwa nini chombo kikilala upande hurudi wima. Nilidhani ni uzito. Hapana! Ni mahali uzito ulipokaa. Ukiupandisha juu, chombo husahau kurudi. Hakisahau ghafla — huanza kwa kuchelewa.

Neno hilo limenikaa vibaya. Clementi, anayevusha abiria visiwani, ameiongezea boti yake ghorofa.

Jumatano, 3 Juni

Bandarini Mwigobero, na saa yangu mkononi. Mwezi wa tatu, kabla ya ghorofa, boti ya Clementi ilikuwa ikilala na kurudi kwa sekunde nne. Niliandika humu humu, kwa kujifurahisha. Leo wapagazi walishusha magunia ya dagaa, ikayumba. Saba! Nikapima mara tano. Saba.

Na watu wanaisifu! Mama mmoja muuza sato ananiambia zamani ilimrusharusha, alikuwa anatapikaga njia nzima, sasa inambembeleza. Ndiyo, mama. Hicho ndicho kinachonitisha. Boti inayokurusha inapigania kusimama. Inayokubembeleza imeanza kukata tamaa.

Clementi akacheka: mwalimu, hata boti unaipa mtihani? Kibali anacho. Nikamuuliza, cha boti ya ghorofa au ya zamani? Akainamia injini yake.

Ijumaa, 5 Juni

Ursula, mdogo wangu, kiongozi wa kwaya. Jumapili anapeleka watu sitini kisiwani Rukuba, jubilei ya kigango. Kwa boti hiyo hiyo!

Nikamchorea boti na mahali uzito ulipopanda. Hakumaliza kutazama. Kaka, mwaka juzi ulitangaza tangi la maji la Bweri litaanguka, ukaandika mpaka gazetini. Si lile limesimama? Wewe ukiona kitu kimesimama unakasirikaga.

Imeniuma. Miaka ishirini nimepiga kelele, nyingine kwa kupenda tu sauti yangu. Leo nina hesabu moja ya kweli, na hakuna sikio lililobaki.

Jumamosi, 6 Juni

Tumepatana. Clementi amekubali magunia thelathini ya mchanga chini kabisa, mradi niyabebe mwenyewe. Nimeyabeba. Mgongo sina.

Ursula ameahidi: kwaya yote chini, imeketi, mpaka wafike. Akaongeza kwamba kama nauamini mchanga wangu, niende nikaukalie. Haya. Nakwenda!

Nikapima tena: sekunde tano. Angalau.

Jumapili, 7 Juni

Ndani ya boti, juu ya mchanga. Ziwa limetulia. Majaketi ya kuokolea yamefungwa furushi moja, mtu kayafanya mto. Nikasema yafunguliwe, yavaliwe. Wakaniita nabii. Yuliana wa sauti ya kwanza akanitungia wimbo — mwalimu na magunia yake — kwaya nzima ikaitikia. Nami nikacheka, nikiri. Wote wameketi. Tano na nusu.

Rukuba inaonekana. Ufukwe umejaa watu, matawi, ngoma. Wote mkono wetu wa kulia.

Ursula amesimama! Nikamkumbusha ahadi. Kaka, niliahidi mpaka tufike, na si tumefika? Kwaya haiingiagi jubilei imekaa!

Wanapanda ngazi. Sare za njano, mmoja nyuma ya mwingine. Chini nimebaki mimi na mchanga. Nyayo zote ziko juu ya kichwa changu, na zote zinaelekea kulia, kwenye ngoma.

Clementi anaanza kukata kona.

Nahesabu. Saba. Nane. Ubao wa kulia umelowa mahali palipokuwa pakavu tangu Mwigobero. Inabembea vizuri sana. Hakuna anayelalamika.

Kumi.

Nimeita. Ngoma zimeimeza sauti yangu — sauti hii, iliyoichosha Musoma nzima! Ursula ameinama kwenye ngazi, uso unang'aa, ananipungia: kaka, panda uone wanavyotupokea!

Hanisikii hapo alipo. Nikipanda kumwambia, nawaongezea kilo tisini juu. Nikibaki —