Jadhav wa Wapi?

Jumapili, 4 Agosti

Nimepata chumba! Cha kumi hiki. Vile tisa vilikuwa "vimechukuliwa jana", kila nilipomaliza kueleza kwetu ni wapi. Leo nimesema uongo, na palepale funguo zikawekwa mkononi mwangu.

Mwenye nyumba ni Bi Vasudha Mohite. Ametaka nimwite shangazi. Alinikaribisha chai, biskuti mbili, halafu lile swali, kwa sauti tamu kabisa: Jadhav wa wapi? Maana jina hili tunalo sisi tuliokuwa tukiitwa wasioguswa, na Wamaratha wa tabaka la juu wenye mashamba wanalo pia, kwa hiyo jina peke yake haliwatoshi. Wanauliza kijiji. Halafu mungu wa ukoo — nikasema wa Jejuri, kama wasemavyo wao. Halafu mti. Kila ukoo wao una mti wake, na harusi haifungwi bila tawi la mti huo. Hapo nikakwama! Sisi mti hatuna. Bibi yangu aliyatupa yote hayo siku alipoingia Ubudha. Nikatazama dirishani. Kulikuwa na mkuyu. Nikasema mkuyu.

Shangazi akapiga makofi. Mkuyu ndio mti wa kwa baba yake! Akasema basi mimi ni damu yao, na maskini Digvijay, alikuwa keshaanza kunitupia jicho kwa ajili yake. Digvijay ni mtoto wa kaka yake, anauza matrekta Satara. Watu wa mti mmoja hawaoani, ni ndugu. Yaani kwa neno moja nimekosa mume na nimepata ukoo.

Nilicheka njia nzima. Sasa hivi sicheki.

Jumatano, 14 Agosti

Chumba ni kizuri. Ghorofani, ngazi yake iko nje, upepo unaingia. Sijapanga vitu vyangu vyote. Picha ya Babasaheb, kiongozi wetu aliyetuingiza Ubudha, na suti yake ya buluu bado iko chini ya sanduku, imefungwa kwenye shuka. Samahani, Baba.

Leo Shangazi alinipa chupa ya maji ya bomba lake nikayapime kazini. Nimepima, ni safi. Nikamwambia. Akasema ukisema wewe, mwanangu, nimeamini, akajaza bilauri akanywa yote mbele yangu.

Babu yangu alipigwa hadi akavunjwa mkono kwa kuteka maji kisima cha kijiji. Mimi sasa ndiye ninayetia saini maabara, nusu ya jiji hili la Pune inywe au isinywe. Nilitamani kumwambia mtu. Nimekuambia wewe, daftari, basi.

Jambo jingine. Anayeosha vyombo hapa ni mwanamke anaitwa Chhaya. Kikombe chake kinakaa nje, juu ya ukuta karibu na bomba. Cha bati, kimebonyea. Mimi nanywea vya kabatini.

Jumanne, 20 Agosti

Sijisikii vizuri. Si homa.

Asubuhi Shangazi alikuwa anakanda unga, mikono imejaa. Akaniambia mpe Chhaya chai, mwanangu. Nikachukua sufuria. Chhaya akakiweka kikombe chake chini kwenye kizingiti, akarudi nyuma hatua mbili. Nami nikamimina kutoka juu. Kutoka juu! Vilevile Shangazi anavyomimina, ili sufuria isikaribie kikombe. Hakuna aliyeniambia nimimine hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Tone likamrukia mguuni. Chhaya akajifuta kwa pindo la sari.

Nimeoga mara mbili leo. Upuuzi mtupu, najua.

Jumamosi, 31 Agosti

Mambo mawili kwa siku moja.

La kwanza: macho ya Mama. Hospitali ya hapa imempa tarehe, Ijumaa ya 13, atatolewa mtoto wa jicho. Miaka thelathini ya kusokota bidi, zile sigara za majani, kwenye taa mbovu, sasa haoni hata majani anayoyakata. Atakuja kukaa nami wiki mbili. Binti wa nani atamwambia mama yake asije?

La pili: Gauri. Mungu mke huyu huja hapa siku tatu tu, Jumanne ya 10 hadi Alhamisi ya 12, wakati wa sikukuu ya mungu Ganesh. Anayemleta ndani sharti awe binti wa nyumba au mkamwana. Mkamwana Shangazi hana, na bintiye yuko Kanada. Kwa hiyo leo kanishika kidevu: mwaka huu utamleta wewe, damu yetu. Wanawake wa mtaa wote watakuwepo.

Nilisema mimi sijui taratibu. Akasema atanifundisha. Nilisema labda nitakuwa kazini. Akasema omba ruhusa. Nilisema — basi, nikakubali.

Ila tarehe zimekubali. Mungu mke anaondoka Alhamisi mchana, Mama anafika Alhamisi jioni. Hawatakutana. Nimechora mstari kwenye kalenda katikati yao!

Jumatatu, 2 Septemba

Nimempigia Mama. Nilizunguka sana. Mvua huko? Mbuzi hawajambo? Mwishowe nikasema: Mama, ukifika, mwenye nyumba akikusalimia, wewe sema Namaskar tu.

 

Mama hajawahi kusalimia hivyo maishani mwake. Kwake ni Jai Bhim, salamu yetu ya kumtukuza Babasaheb, kwa dereva wa basi, kwa mwuza vitunguu, kwa daktari. Ukiisikia tu unajua anayesema ni wa wapi, ndiyo maana anaisema kwa nguvu. Wazee wake walipaswa kupita njiani wamevua viatu na kuinamisha macho. Yeye alisema watoto wangu watasalimia kichwa juu. Alinichapa nikiwa na miaka saba kwa kuimung'unya.

Akauliza, kwani chumba hicho ni chako au si chako?

Nikasema ni cha kupanga, Mama.

Akasema, sawa, Uju. Namaskar.

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 6 Septemba

Mazoezi na Shangazi, mara tatu. Nasimama mlangoni na uso wa Gauri mikononi, wa shaba, mzito kuliko unavyodhani, wenye hereni na pete ya pua. Walio ndani wanauliza: nani amekuja? Najibu: Gauri amekuja. Amekuja kwa nyayo zipi? Kwa nyayo za dhahabu. Wananiosha miguu kwa maji na maziwa, nakanyaga alama nyekundu mpaka kwenye kiti chake. Sharti moja kubwa: akishashikwa hawekwi chini mpaka kitini. Chini, kamwe! Shangazi alirudia mpaka nikachoka.

Anajua kufundisha. Aliniweka nywele sawa akasema bintiye alikuwa anacheka kila mara penye neno dhahabu. Machozi yakamlengalenga. Ndiyo shida yenyewe — nampenda huyu mama. Ingekuwa rahisi angekuwa mchawi.

Nilipokuwa natoka, Chhaya alikuwa anafagia ngazi yangu. Hakuinua kichwa. Akasema polepole: Jai Bhim, dada.

Nilisimama kama mwizi. Nikamuuliza tangu lini unajua. Akasema tangu siku ya chai. Watu wa humu ndani humimina bila kuangalia, mimi nilimimina huku nimefumba macho.

Sikumjibu salamu yake. Nimeandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye kwamba nilijibu.

Jumapili, 8 Septemba

Hospitali imepiga simu. Daktari anasafiri, operesheni imewahishwa, Jumatano ya 11, saa mbili asubuhi. Mama sharti afike Jumanne. Jumanne!

Nimepiga kwao mara nne. Haiwezekani, au asubiri mpaka Januari. Nikamwambia Mama kuna gesti safi karibu na hospitali. Akasema, una chumba au huna?

Basi lake linafika saa kumi na mbili jioni. Gauri anaingia saa kumi. Nitamaliza, nitakwenda kumpokea stendi, tutapanda kwa ngazi ya nje. Inawezekana. Nimekata kucha zote mpaka zinauma.

Jumanne, 10 Septemba

Naandika haraka. Saa kumi na moja kasoro. Mlango wangu nimeufunga kwa komeo.

Wanawake walikuwa kama ishirini, sari za hariri, maua kichwani. Nilikuwa kizingitini na Gauri mikononi, mguu mmoja umeshaoshwa. Shangazi kainama na birika la maziwa. Nani amekuja? wakauliza. Gauri amekuja. Kwa nyayo zipi?

Geti likalia. Mama. Alipata lifti ya lori la vitunguu, asiyejua kusubiri mwanamke yule! Begi la mfuko wa mbolea, sari yake nyeupe ya siku kubwa, mkono mmoja unapapasa ukuta. Shangazi akatazama juu, uso umechangamka kwelikweli. Mama Ujwala huyo? Karibu, dada, umekuja saa ya baraka!

Mama akasimama. Haoni mbali, aliona rangi tu. Akajiweka sawa pindo la sari. Akaunganisha viganja, akainamisha kichwa — akainamisha, Mama yangu! — akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: Namaskar.

Nilimfundisha mimi.

Nikasema Jai Bhim, Mama. Kwa nguvu. Sikupanga. Ilinitoka.

Birika likasimama hewani. Hakuna aliyepiga kelele, ningeshukuru wangepiga. Mmoja akavuta sari yake isiniguse. Mwingine akamuuliza Shangazi sikioni, si ulisema wa mkuyu? Shangazi alinitazama mguuni, ule aliouosha, kisha akatazama viganja vyake.

Nikanyoosha mikono. Nikasema mpokeeni Gauri basi. Hakuna aliyenyoosha yake. Jirani mmoja akasema uweke tu chini. Shangazi akafoka, chini hawekwi! Basi mpokee, nikasema. Hakupokea. Alikuwa analia, na hakupokea. Kuingia naye siwezi, kumweka siwezi, kumpa hakuna wa kumpa. Mkono unaanza kufa ganzi.

Chhaya alikuwa pale bombani. Akaenda akachukua begi la Mama, akamshika mkono, akampandisha ngazi ya nje. Nikawafuata. Na Gauri.

Yuko hapa. Nimemkalisha kitandani, kwenye mto, si chini. Picha ya Babasaheb nimeitoa kwenye shuka, nimeitundika kwenye msumari wa kalenda. Chhaya kaketi kwenye kiti, kiti cha Shangazi, anasema ataondoka sasa hivi na haondoki. Nimempa chai kwa kikombe changu.

Chini wanabishana. Nasikia "polisi", nasikia "kasisi", nasikia "mkojo wa ng'ombe", wa kutakasia nyumba. Muda wa kumkalisha Gauri kitini unaisha jua likizama.

Mama amejongeza uso karibu na ule wa shaba, anaigusa pete ya pua. Miungu hana kazi nayo tangu azaliwe. Kauliza huyu ni nani. Nikasema mgeni. Kauliza, amekula?

Ngazi inalia. Mtu mmoja tu, mzito, anapumzika kila hatua — magoti ya Shangazi. Amefika. Hagongi. Nasikia anavyohema. Sasa anasema, "Ujwala." Hajasema mwanangu. "Ujwala, fungua."

Sijui anamtaka nani kati yetu, mimi au Gauri. Chhaya ameweka kikombe chini, amesimama. Mimi naandika tu ili nisiinuke.

Mama anasema, "Fungua, Uju. Mtu hasimamishwi mlangoni."